Shilingi Kumi na Tano kwa Wiki: Hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens na Safari Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa fasihi kabla ya likizo ya Desemba, ikiwa imepangwa upya kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wapendwa, mabibi na mabwana,

Nimealikwa kuzungumzia fasihi, lakini naomba mniruhusu nianze na hesabu. Tarehe 19 Desemba 1843 kilitoka jijini London kitabu chembamba chenye jalada la kitambaa na kingo za kurasa zilizopakwa dhahabu, kitabu cha Charles Dickens kiitwacho A Christmas Carol. Bei yake ilikuwa shilingi 5. Ndani yake yumo karani mmoja, Bob Cratchit, mwenye mke na watoto sita, ambaye mshahara wake ni shilingi 15 kwa wiki. Maana yake ni kwamba Bob, lau angekuwa mtu wa nyama na damu, angetoa theluthi ya mshahara wa wiki nzima ili anunue kitabu kinachosimulia dhiki ya nyumba yake mwenyewe.

Hesabu hiyo nimeifanya ubaoni miaka mingi, na bado inanikera kila ninapoifikia. Wenzetu wa Nairobi huwa wanatabasamu kwanza, kwa sababu Dickens anacheza na jina la karani wake: anasema Bob alitia mfukoni kila Jumamosi nakala kumi na tano za jina lake, kwa kuwa shilingi mitaani London iliitwa bob, kama kondakta wa matatu anavyoiita mpaka leo. Shilingi yenyewe ilitufikia kwa mkono wa serikali ya Kiingereza, iliyoanzisha shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Kwa hiyo sisi tunapomsoma Bob Cratchit hatuna haja ya kupita kwanza kwenye duka la kubadilishia fedha.

Nimeulizwa kwa nini hadithi hii, ambayo imezaliwa katika baridi ya London wakati wa Malkia Victoria, bado iko hai. Jibu langu ni kwamba iliponyoka mapema kutoka mikononi mwa waliomudu kuinunua, ikaingia vinywani mwa watu, na kila aliyeibeba alibeba kile alichokipenda. Waliobeba theluji walibeba theluji, na waliobeba bata mzinga walibeba bata mzinga. Kilichodondoshwa njiani, mara kwa mara, ni kile hasa kilichomfanya Dickens ashike kalamu, na hicho ndicho nitakachokitafuta pamoja nanyi leo.

Mapema mwaka 1843 Dickens alipata nakala ya ripoti ya tume ya serikali iliyochunguza ajira za watoto. Aliyempelekea ni Dakta Thomas Southwood Smith, tabibu aliyekuwa mmoja wa makamishna wa tume hiyo. Ripoti ya kwanza, ya mwaka uliotangulia, ilikuwa imewaeleza Waingereza habari za watoto wanaokokota vigari vya makaa ya mawe gizani chini ya ardhi. Hii ya pili iliingia viwandani na katika vyumba vya washonaji. Dickens, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31, alishtushwa sana, akaahidi kuandika kijitabu cha kuwasihi watu wa Uingereza kwa niaba ya mtoto wa maskini. Siku chache baadaye alibadili nia. Alimwandikia daktari kwamba avute subira hadi mwisho wa mwaka, na hapo ataiona nyundo ikishuka kwa nguvu mara elfu ishirini kuliko ile ambayo kijitabu kingekuwa nayo.

Mtu anayeandika maneno hayo hakuwa akiwaza mambo ya wengine tu. Mwaka 1824, baba yake, John Dickens, alifungwa katika gereza la wadeni la Marshalsea, na Charles, akiwa na miaka 12, alitolewa shuleni akapelekwa kwenye ghala kuukuu kando ya mto Thames, kubandika karatasi kwenye makopo ya dawa ya viatu kwa ujira wa kama shilingi 6 kwa wiki. Habari hiyo aliificha karibu maisha yake yote. Wasomaji walioipenda hadithi yake ya Krismasi walikuja kuijua baada ya yeye kufariki, pale rafiki yake John Forster alipoiandika katika wasifu wake. Septemba 1843 alitembelea shule ya watoto mafukara huko Field Lane, akaona watoto wachafu, wezi wadogo, wasiojua kusoma wala kuhesabu. Tarehe 5 Oktoba alihutubia mkutano wa Athenaeum huko Manchester, taasisi ya kuwaelimisha watu wanaofanya kazi, na alizungumzia jambo hilohilo la ujinga na hatari yake. Hadithi ilianza kuchemka kichwani mwake katika siku hizo. Aliiandika kwa muda wa wiki sita tu, na alimweleza rafiki yake mmoja wa Marekani kwamba alipokuwa akiitunga alilia, alicheka, akalia tena, na usiku mwingi alitembea maili 15 hadi 20 katika mitaa ya giza ya London watu wengine wakiwa wamelala.

Naongeza, kwa sababu wanafunzi wangu hupenda kuwafanya waandishi kuwa malaika, kwamba alihitaji pia fedha. Riwaya aliyokuwa akiitoa kwa mafungu ilikuwa haiuziki vizuri, mkewe Catherine alikuwa mjamzito wa mtoto wa tano, na uhusiano wake na wachapishaji ulikuwa umeingia doa. Gharama za kutengeneza kitabu alizibeba mwenyewe, na alitaka kiwe kizuri: michoro ya John Leech, minne kati yake ikipakwa rangi kwa mkono, na dhahabu kwenye kingo. Nakala 6,000 za kwanza ziliisha kabla ya Krismasi yenyewe. Yeye alitarajia faida ya pauni 1,000. Alipopewa hesabu alikuta kama pauni 230. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, lakini huyu daftari alikuwa nalo na bado fedha zilimponyoka.

Hadithi yenyewe wengi mnaijua, nami sitaisimulia yote. Ebenezer Scrooge ni mzee mfanyabiashara mwenye mkono wa birika, ambaye usiku wa mkesha wa Krismasi anajiwa kwanza na mshirika wake Jacob Marley, aliyekwisha kufa miaka saba, akiburuta mnyororo uliofungwa masanduku ya fedha, funguo, kufuli na madaftari. Kisha anajiwa na Roho watatu, wa Krismasi iliyopita, wa Krismasi iliyopo na wa Krismasi itakayokuja. Asubuhi anaamka mtu mwingine. Ninachopenda tukitazame ni vitu vidogo. Katika ofisi ya Scrooge sanduku la makaa ya mawe limewekwa chumbani kwa mwajiri, na karani anayetaka kuongeza kipande kimoja kwenye moto wake lazima aingie na koleo mkononi mbele ya macho ya bwana wake; basi haingii, anajifunga shali lake na kujaribu kuota moto wa mshumaa. Anapoomba siku moja ya mapumziko, tarehe 25, anaambiwa kwamba huo ni wizi wa kila mwaka, na kwamba kesho yake afike kazini mapema zaidi. Siku ya tarehe 26 ambayo sisi tunalala hadi saa nne asubuhi ilikuwa kwa Bob siku ya kazi kama nyingine. Uingereza iliifanya kuwa siku ya mapumziko kwa sheria ya mwaka 1871, na huku kwetu ilitufikia pamoja na kalenda ya wakoloni.

Na watazameni akina Cratchit mezani. Hawali bata mzinga. Wanakula bata bukini, tena mdogo, aliyeongezewa viazi na mchuzi wa matofaa ili awatoshe watu wote. Nyumba yao haina tanuri, hivyo bata amepelekwa kuokwa kwa mwokaji wa mikate, kama ilivyokuwa desturi ya maskini wa London. Pudini imechemshiwa katika pipa la shaba la kufulia nguo, na inapofunuliwa mvuke wake unanuka kama siku ya kufua. Vyombo vya kunywea vyote vya familia ni bilauri mbili na kikombe kilichokatika mkono. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: hapo mezani Bob anainua bilauri na kumwombea heri bwana wake Scrooge, na mke wake, kwa shingo upande, anakubali kunywa kwa ajili ya siku hiyo na kwa ajili ya mumewe, lakini kwa ajili ya Scrooge hataki. Mimi sehemu hiyo naiona kuwa na ukweli zaidi kuliko mizuka yote.

Sasa, watu husema Dickens ndiye aliyeibuni Krismasi. Si kweli, na hakuna sababu ya kumvisha kilemba kisicho chake. Waingereza walikuwa wakiisherehekea karne nyingi kabla yake. Ni kweli kwamba Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali, waliipiga marufuku katika miaka ya 1640, na kwamba katika karne ya 19 watu wa mijini, waliohama mashamba na mila zake, walikuwa wakiisahau. Miti iliyopambwa ilipata umaarufu kwa sababu ya Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, na familia yao, na kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilichapwa London mwaka uleule wa 1843 kwa agizo la Henry Cole. Kuna mwandishi wa Marekani, Washington Irving, aliyekwisha kuelezea kwa mapenzi makubwa Krismasi ya kale katika nyumba ya mkabaila wa Kiingereza. Lakini ya Irving ilikuwa karamu ya jumba kubwa. Dickens aliihamisha sikukuu akaipeleka kwenye chumba cha karani, akaiweka mezani pa watu wanane, na akaambatanisha nayo deni: kwamba huwezi kushiba siku hiyo bila kumkumbuka asiyeshiba. Mpwa wa Scrooge anamwambia mjomba wake kwamba hizi ndizo siku pekee za mwaka ambapo watu huwatazama walio chini yao kama wasafiri wenzao kuelekea kaburini, wala si kama viumbe wa aina nyingine waliofunga safari nyingine. Wazo hilo, la sikukuu kuwa siku ya kutoa kwa watu usiowajua, ndilo sehemu kubwa ya mchango wake, na jumuiya za hisani zinazokusanya michango kila Desemba zinakula matunda yake.

Theluji ni hadithi ya pembeni, lakini inanifurahisha. Dickens alizaliwa mwaka 1812, na utoto wake uliangukia katika miaka ya baridi kali isiyo ya kawaida. Majira ya baridi ya mwaka 1814 mto Thames uliganda hata watu wakafanya gulio juu ya barafu. Krismasi yenye theluji aliyoiandika ni ya mtoto yule. Kutoka hapo theluji iliingia kwenye kadi, na kwenye kadi ikavuka bahari, mpaka mimi nikiwa mdogo nikashiriki kubandika pamba kwenye matawi ya mvinje, nikitokwa jasho, bila mtu yeyote kati yetu kujiuliza pamba ile inasimamia kitu gani.

Nirudi kwenye shilingi 5. Kitabu kilikuwa ghali, lakini hadithi haikukaa kitabuni. Kabla mwezi Februari 1844 haujaisha majumba ya maonyesho ya London yalikuwa yameiigiza si chini ya mara nane, mengi yao bila ridhaa ya mwandishi. Januari mwaka huohuo wachapishaji wa gazeti moja la bei nafuu waliichapa kwa kuibadilisha kidogo, Dickens akawapeleka mahakamani, akashinda, wao wakafilisika, naye akabaki na gharama za kesi za kama pauni 700. Aliyeandika juu ya mzee anayefuatia wadeni wake aliona ladha ya kushinda kesi na kupoteza fedha. Walakini mimi husema polepole, wanasheria wasisikie, kwamba waigizaji na wezi wale walimfikishia Bob Cratchit hadithi yake kwa bei aliyoimudu.

Kisha Dickens mwenyewe alishika njia hiyo. Desemba 1853, katika ukumbi wa mji wa Birmingham, aliisoma hadhirani kwa mara ya kwanza ili kuchangia taasisi ya elimu ya mji huo, na alisisitiza kwamba usomaji mmoja, wa tarehe 30, uwe wa wafanyakazi na wake zao, kwa kiingilio cha nusu shilingi. Walikuja zaidi ya watu 2,000. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa uhai wake aliisoma zaidi ya mara 100, Uingereza na Marekani, na Boston aliisoma mkesha wa Krismasi wa mwaka 1867. Usomaji wake wa mwisho kabisa, London, tarehe 15 Machi 1870, ulianza na hadithi hiyo. Alifariki tarehe 9 Juni. Nakala aliyoitumia jukwaani imehifadhiwa katika maktaba ya umma ya New York, ikiwa na maneno yaliyokatwa kwa kalamu na maagizo pembeni ya namna ya kubadili sauti. Sisi tuliokulia katika utambaji wa ngano tunaielewa nakala hiyo mara moja, kwa kuwa fanani hupima hadithi kwa uso wa hadhira na hukata inapopoa. Hata jina linasema hivyo: kitabu kinaitwa wimbo, na sura zake tano mwandishi aliziita beti.

Baada ya hapo sihitaji kuorodhesha kila kitu. Filamu ya kwanza tunayoijua ilitengenezwa Uingereza mwaka 1901, ikiwa bado bubu. Marekani, kuanzia miaka ya 1930, Lionel Barrymore aliigiza sauti ya Scrooge redioni karibu kila Krismasi. Mwaka 1951 Alastair Sim aliigiza Scrooge ambaye wazee wengi wa Uingereza wanaamini hajapatikana mwingine kama yeye. Mwaka 1992, katika filamu, vikaragosi wa Muppet walimzunguka Michael Caine aliyeigiza Scrooge. Bata tajiri wa vibonzo vya Disney, anayeogelea katika sarafu zake, alibuniwa na Carl Barks mwaka 1947 na kupewa jina la Scrooge. Jina hilo limo katika kamusi za Kiingereza kama neno la kawaida, kwa maana ya bahili. Ni waandishi wachache sana ambao mhusika wao ameacha kuwa mtu akawa neno, na hapa kuna dhuluma ndogo: Scrooge alibadilika, lakini neno lilibaki na yule wa kwanza. Aliyebadilika hana neno.

Mmeona ninazunguka. Nifike sasa pale nilipoahidi.

Mwishoni mwa ubeti wa tatu, Roho wa Krismasi iliyopo anakaribia kutoweka, na Scrooge anaona kitu kama ukucha kikichungulia chini ya joho lake. Roho anafunua joho. Wamo watoto wawili, mvulana na msichana, wamekonda, wamevaa matambara, nyuso zao zimesinyaa kama za wazee. Scrooge anauliza kama ni watoto wa Roho. Roho anamjibu kwamba ni wa binadamu. Mvulana anaitwa Ujinga, msichana anaitwa Uhitaji, na Roho anaonya kwamba wote wawili waogopwe, lakini zaidi aogopwe mvulana, kwa sababu kwenye paji la uso wake imeandikwa maangamizi, isipokuwa maandishi hayo yafutwe. Scrooge anauliza kama hawana pa kukimbilia, na Roho anamrudishia maneno yake mwenyewe ya siku iliyotangulia: je, hakuna magereza? Hakuna nyumba za kazi?

Nyumba hizo za kazi zilikuwa kitu halisi. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 iliagiza kwamba asiye na riziki aingie humo, mume atengwe na mke na watoto watengwe na wazazi, na maisha ya ndani yawe magumu kiasi cha kumfanya mtu achague njaa ya nje. Scrooge anapowajibu watu wa hisani kwamba maskini wasiotaka kwenda huko ni heri wafe wapunguze idadi ya watu waliozidi, anasema kwa ufupi na kwa ukali jambo ambalo wafuasi wa mchumi Thomas Malthus walikuwa wakilisema kwa adabu, wakiwa na takwimu. Watoto wale wawili chini ya joho ndio ile ripoti ya tume. Ndio nyundo.

Nao ndio wanaokatwa. Katika filamu ya Muppet hawamo. Katika kile kibonzo cha Mickey Mouse cha mwaka 1983 hawamo. Katika maonyesho mengi ya shule hawamo, kwa maelezo kwamba muda hautoshi au kwamba watawatisha watoto. Tusikimbilie kuwalaumu Wamarekani. Dickens alipoifupisha hadithi kwa ajili ya jukwaa aliwatoa yeye mwenyewe, na toleo fupi la usomaji lililochapwa linapita kutoka kwenye michezo ya nyumbani kwa mpwa moja kwa moja hadi saa inapogonga kumi na mbili za usiku wa manane, bila joho kufunuliwa. Fanani alisoma uso wa hadhira yake. Hadhira ilitaka Tim, mtoto mdogo wa Bob anayetembelea mkongojo.

Hata hivyo watoto hao hawakupotea kabisa. Walipita mlango mwingine. Mwaka ambao Dickens alifariki, miezi miwili baada ya mazishi yake, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 1870, iliyoanza kujenga shule pale ambapo hapakuwa na shule. Mwaka 1942, katikati ya vita, William Beveridge alitoa ripoti iliyokuja kuwa msingi wa hifadhi ya jamii ya Waingereza, na humo alitaja majitu matano ya kupigwa vita, mawili kati yake yakiwa Uhitaji na Ujinga. Sidai kwamba Beveridge alikuwa na kitabu cha Dickens mezani. Nasema tu kwamba majina hayo mawili, yakiandikwa kwa herufi kubwa kama majina ya watu, yalikuwa yamekwisha kuwa mali ya umma. Na mtu wa rika langu hapa Tanzania hawezi kuyasikia bila kukumbuka kwamba sisi tuliingia kwenye uhuru tukiwa tumetajiwa maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kwamba mwalimu wa darasa la pili alitutajisha kwa sauti kama jedwali la kuzidisha. Nilipouona ukurasa ule wa joho kwa mara ya kwanza nilidhani mfasiri wetu fulani ameuchomeka.

Lazima niseme pia kwamba hadithi ina udhaifu, tena wakosoaji waliuona mapema. Mwandishi wa riwaya William Thackeray aliandika Februari 1844 kwamba kitabu hiki ni faida kwa taifa zima na hisani kwa kila mwanamume au mwanamke anayekisoma. Lakini mwaka huohuo jarida la Westminster Review liliuliza swali la wachumi: ili Bob Cratchit apate bata mzinga, yule anayepelekewa na Scrooge mwishoni mwa hadithi, ni nani aliyekosa? Swali hilo lina ubaridi wa Scrooge mwenyewe, lakini si la kipuuzi. Karibu miaka 100 baadaye mwandishi George Orwell alikuja na hoja nzito zaidi, kwamba Dickens anataka watu wawe wema badala ya kutaka taratibu zibadilike, na kwamba kwake tajiri mwema anatosha kuwa dawa. Ni kweli. Mwishoni mwa hadithi Bob hana mkataba mpya wala chama cha wafanyakazi; ana bwana aliyeota ndoto nzuri. Scrooge akiamka tena vibaya mwaka unaofuata, mshahara unaweza kurudi palepale. Mimi nimewahi kufundisha kwa hoja ya Orwell kwa miaka kadhaa, kwa ukali wa ujana. Siku hizi nimepoa, si kwa sababu hoja imekuwa dhaifu, bali kwa sababu nimegundua kwamba katika kitabu chote mtu pekee anayelipwa mshahara tunaoujua kwa tarakimu ni Bob. Mali ya Scrooge haikutajwa kiasi chake. Mwandishi alihakikisha kwamba msomaji aliyetoa shilingi 5 anajua kinacholipwa katika chumba cha pili, na hilo si jambo la ndoto.

Niseme neno kuhusu lugha, kwa kuwa nusu yenu mnasomea tafsiri. Jaribuni kumleta Marley kwa Kiswahili mtaona taabu. Mkimwita mzimu, msikilizaji atasubiri sadaka na kaburi la ukoo. Mkimwita pepo, watu wa pwani watauliza anataka ngoma gani. Mzuka humtisha mtu njiani kisha hana la zaidi. Wale watatu nimewaita Roho, kwa kukosa zuri zaidi. Lile neno maarufu la Scrooge kuhusu Krismasi, humbug, ambalo wafasiri hulifanya kuwa upuuzi, kwa Kiingereza cha wakati ule lilimaanisha ulaghai. Scrooge hasemi Krismasi ni jambo la kijinga, anasema ni utapeli, na kijana wa Kariakoo angelitafsiri vizuri kuliko mimi: danganya toto. Lakini kiini cha hadithi hakitatusumbua. Utendi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate kabla Dickens hajaandika chochote, unauchukua moyo wa mtu na kuutembeza katika majumba ya matajiri waliokufa, ambamo madaka ya vyombo vya kaure yamegeuka viota vya ndege, ili moyo uzinduke. Roho wa tatu anamfanyia Scrooge kazi hiyohiyo, anapomwonyesha watu wakiuza mapazia ya kitanda alichofia.

Namalizia na kurasa zilizopotea. Nilikutana na hadithi hii nikiwa kidato cha pili, katika toleo lililofupishwa ambalo karatasi zake za mwisho zilikuwa zimechanika kabla halijanifikia. Hadithi yangu iliishia makaburini, na kwa muda wa miaka miwili niliamini kwamba Tim alifariki. Baadaye sana nilijifunza kwamba sikuwa peke yangu katika shaka hiyo. Mswada wa Dickens, ambao uko katika maktaba ya Morgan huko New York na huonyeshwa kila msimu wa Krismasi, hauna yale maneno ya mwisho yanayomhakikishia msomaji kuwa Tim hakufa. Mwandishi aliyaongeza kitabu kilipokuwa tayari katika prufu, yaani nakala za kusahihishia kabla ya kuchapwa, na neno la kukana aliliandika kwa herufi kubwa. Kuhusu wale wawili wa chini ya joho alikuwa na prufu hizohizo mezani, na hakuongeza kitu.

Asanteni kwa kunisikiliza.